Njano iliyojificha ndani ya lengalenga

Kosa langu la kwanza nililinunua franga mia tano kwenye soko ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki ya Kongo, saa mbili asubuhi, likiwa limefungwa na kamba ya mgomba.

Ilikuwa 2017, natafuta majani ya kufanyia memwari, kazi ya kumalizia chuo. Kichwa cha kazi kilikuwa karotenoidi (rangi za mimea, kuanzia njano hadi nyekundu) za mboga ambazo watu wa kwetu wanazitumia pia kama dawa, na direktere wangu, mwalimu aliyenisimamia, alishaniambia chagua mmea mmoja tu, usituletee pori nzima humu ndani. Nikachagua lengalenga, mboga ambayo kwingine wanaiita mchicha. Inapatikana Bukavu karibu mwaka mzima, inashuka na bamama kutoka Kabare kila asubuhi mu mabeseni, na sijawahi kuingia nyumba ambayo haijaipa kazi ya dawa: mama ametoka kuzaa, mpeni lengalenga, mtoto amepauka, lengalenga, mzee analalamika jioni macho yanaona kiza, eti ale lengalenga. Mimi mwenyewe nimekulia Bagira, nilikuwa mtoto mwembamba kama fimbo ya mfagio, kwa hiyo hiyo dawa nimeinyweshwa mpaka nikaichukia, nikaja kurudiana nayo ukubwani.

Sasa pale sokoni zilikuwa za aina mbili, ile ya kijani tupu, na ile yenye majani mekundu, nyekundu ya kuiva kabisa mpaka mishipa ya nyuma ya jani. Mama mwenye beseni akaniuliza nataka ya nini, nikamwambia ya kusomea, nachunguza rangi. Akacheka.

— Unatafuta rangi, mwanangu? Basi chukua ii nyekundu. Ii njo inaongezaka damu. Banamuke benye bametoka kuzala banakujaka kuitafuta ii.

Na mimi, mwanafunzi wa kemia wa mwaka wa mwisho, nikakubali. Nilifikiri hivi: karoti ni ya machungwa, nyanya ni nyekundu, mawese ni mekundu, zote hizo ni karotenoidi, kwa hiyo jani jekundu lazima lijazwe karotenoidi kuliko la kijani. Fikra ya mtoto wa shule, lakini ilinipendeza sana na ile nyekundu ilikuwa inauzwa bei juu kidogo, na kitu cha bei juu unakiamini haraka.

Labo yetu (sitaitaja, ilinifundisha mengi na vifaa vilikuwa vile vilivyopatikana) ilikuwa na kinu cha porselini, spektrofotomita (mashine ya kupima mwanga unaofyonzwa na rangi) moja ya zamani ambayo taa yake ilihitaji nusu saa kutulia, na kura, yaani umeme, iliyokuwa inakuja na kwenda kama mgeni asiye na aibu. Nilitwanga gramu tano za majani na mchanga safi na kijiko kidogo cha kaboneti ya kalsiamu, nikamimina asetoni, nikachuja. Nikatwanga tena, nikamimina tena, mpaka masalia yakabaki meupe. Kaboneti ni ya kuzima asidi ya majani, maana ukilipasua jani asidi zake zinatoka mahali zilipofungiwa na zinaanza kuharibu rangi ukiwa bado unatwanga. Kwenye chupa nikapata kitu cheusi-chekundu, kizito, kizuri ajabu. Nikapiga picha. Nikamtumia kaka yangu kwenye watsapu nikaandika "angalia vitamini hii".

Usiku ule nikaweka potasi kaustiki ndani ya metanoli, nikachanganya na ile dawa yangu, nikafunika na sashe nyeusi nikaiacha gizani hadi kesho. Hiyo ni hatua ya kawaida, potasi inakula klorofili, ile rangi ya kijani ya majani, inaikata mkia wake wa mafuta hadi iweze kuyeyuka mu maji, halafu unaitupa, karotenoidi zenyewe haziogopi potasi hivyo zinabaki. Asubuhi nikakuta nyekundu imepotea! Badala yake njano. Nikaongeza maji na etha ya petroli (kiyeyusho chepesi kinachobeba vitu vya mafuta) ndani ya ile chupa ya umbo la peasi yenye robine chini, nikatikisa, nikasubiri tabaka mbili zijitenge, chini maji, juu etha. Na huku chini, ukiacha kijani kidogo, kulikuwa na njano kali, kali kweli. Nikakimbia kumwita direktere.

Mzee akaja taratibu, akainama, akavaa miwani, akauliza swali moja tu.

— Mwanangu, ile njano unafurahia, iko mu maji ao mu etha?

Nikasema mu maji. Akanyamaza kidogo akinisubiri nijisikie mwenyewe, halafu akaondoka kwenda kunywa chai yake.

Karotenoidi haiingii mu maji, haiingii kabisa. Ni mnyororo wa kaboni 40, mafuta matupu, hata zile zenye oksijeni kidogo bado zinapenda mafuta kuliko maji. Kitu kilichokaa chini pale hakikuwa karotenoidi hata siku moja. Nyekundu ya lengalenga ni betalaini, jamii ileile inayotia rangi betrave, kile kiazi chekundu, na ile ya lengalenga ina jina lake, amarantini. Inayeyuka mu maji kama sukari. Na ukiitia potasi kali inavunjika, inageuka njano! Yaani nilikuwa nimechukua rangi isiyohusika, nikaivunja, ikanipa njano ya uongo, nikapiga kelele labo nzima. Karotenoidi za kweli zilikuwa pale juu mu etha, njano ya upole kama maji ya marakuja yaliyochujwa, na sikuwa hata nimeziangalia.

Nikarudi Kadutu kesho yake kununua za kijani. Nikanunua na nyekundu pia, maana direktere alisema sasa umeshakosea, kosa lako litumie, linganisha. (Mmea wenyewe niliukausha kwenye magazeti nikaupeleka Lwiro, pale baada ya Kavumu, kwenye kile kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1947, ili watu wenye macho ya mimea waniambie ni amaranthus gani hasa. Maana lengalenga ni jina la ukoo, ndani yake kuna cruentus, dubius, hybridus, na zinaoana zenyewe mu mashamba bila kumwomba mtu ruhusa.)

Watu wakisikia jani lina karotenoidi wanauliza sasa mbona ni kijani. Njano ipo, imefunikwa tu. Kila jani la kijani unaloliona Bukavu, la mhogo, la mti wa avoka, nyasi za kando ya barabara, lina karotenoidi nne kubwa: luteini, ambayo mara nyingi ndiyo inaongoza, halafu beta-karotini, violaksantini na neoksantini. Klorofili ni nyingi kuliko zote hizo ukizijumlisha, kwa hiyo inazifunika kama kitenge. Na hazipo kwa urembo. Zinakamata sehemu ya mwanga wa bluu ambayo klorofili haiikamati vizuri, na kazi yao kubwa zaidi ni kulilinda jani lisiunguzwe na mwanga wenyewe. Jua likizidi mchana, violaksantini inageuzwa zeaksantini kwa dakika chache tu, na hiyo inasaidia kutupa nguvu ya ziada kama joto. Mwanga ukipungua inarudishwa. Mimi hii ilinishtua. Maana yake saa uliyochuma jani inaingia ndani ya jibu lako. Mwenzangu akachuma saa kumi na mbili asubuhi na mimi saa sita mchana shamba lilelile, hatutapata orodha moja, na hakuna kati yetu aliyekosea.

Kuzitenganisha hizo nne njo kazi yenyewe, na hapa nataka kumtaja mtu mmoja kwa sababu namhurumia. Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea, mama Mwitaliano baba Mrusi, alikuwa anafanya kazi Warsaw. 1903 alieleza mbele ya wenzake kwamba ukijaza mrija wa kioo na unga mkavu, ukamimina juu dawa ya majani, halafu ukaendelea kumimina kiyeyusho taratibu, rangi zinashuka kila moja kwa mwendo wake, zinajipanga mikanda-mikanda, kijani, kijani-bluu, njano moja, njano nyingine. Unga aliopendelea ulikuwa kaboneti ya kalsiamu, yaani kitu kilekile nilichokuwa natia kwenye kinu kuzima asidi. 1906 akaliandika na kuliita kromatografia. Na jina lake mwenyewe kwa Kirusi maana yake ni rangi, sijui kama alikuwa anatania. Wakubwa wa kemia wa wakati ule hawakumjali sana, alikuwa mtu wa mimea si wa kemia, akafa 1919, na ni 1931 tu ambapo wanakemia Kuhn, Winterstein na Lederer pale Heidelberg waliichukua njia yake na kuitumia kweli, na waliitumia kwa nini? Kwa karotenoidi. Leo maabara kubwa zina mashine zinazosukuma kiyeyusho kwa presha kubwa kupitia safu nyembamba na kuchora milima kwenye skrini, lakini ukiangalia vizuri ni ule mrija wa Tsvet tu uliovishwa suti.

Sisi mashine hiyo hatukuwa nayo. Safu yangu ilikuwa bureti ya mililita 50, pamba chini, alumina, unga mweupe, juu. Unamimina ile njano kutoka etha, unafuata na etha safi, na beta-karotini, kwa vile haina oksijeni hata moja, haishikwi na alumina, inateremka ya kwanza mkanda wa njano-machungwa. Luteini na ndugu zake wanabaki wamekwama juu, wana oksijeni, alumina inawapenda. Ukitaka kuwatoa unabidi uongeze asetoni kidogo-kidogo. Kuna dakika ambapo mkanda wa kwanza umeshafika chini na wa pili bado uko juu na katikati ni weupe mtupu. Nilikuwa nasimama pale kuangalia tu.

Ila usisimame sana. Karotenoidi haipendi kuangaliwa. Rangi yake inatoka kwenye vifungo maradufu vinavyopishana na vya kawaida, beta-karotini inavyo 11 mfululizo, na mfululizo huohuo unaokamata mwanga ndio unaoshambuliwa na oksijeni, mwanga na joto. Ukikatika, rangi imeisha. Nililifahamu hilo vitabuni halafu nikalifahamu kweli siku nilipokausha majani juu ya bati la nyumbani. Wazo lilikuwa zuri, ilikuwa kiangazi, nikasema nitakausha kilo nzima nipate akiba ya mwezi bila kusumbuana na frigo. Siku mbili juani. Yakakauka vizuri, yakawa yanavunjika kama chipsi, nikasaga, nikafanya kila hatua, na juu mu etha nikapata kitu cheupe-cheupe kama mkojo wa mtoto aliyekunywa maji mengi. Wiki tatu za kazi zikaenda hapo. Mdogo wangu akanikumbusha kwamba nguo zinazoanikwa upande ule wa bati zinapauka, sasa majani ndiyo yangepona?

Baada ya hapo nikawa mtu wa giza. Chupa zote nilizivika karatasi ya aluminiamu. Mapazia yalikuwa yamefungwa na mapini, taa moja nyekundu hafifu, mlango na kibandiko "usifungue". Wenzangu waliniita popo. Sampuli nilikuwa nazihifadhi kwa tantini yangu Ibanda, mwenye konjelatere (sanduku la kugandishia), katikati ya paketi za sambaza, na kila nikiingia anauliza "hayo majani yako yamepona?" Kura ikikatika usiku nilikuwa siwezi kulala, siyo kwa ajili ya samaki.

Sasa hesabu, nisiikimbie, maana wanafunzi wanaoniandikia wanakwama hapahapa. Kwa jumla ya karotenoidi kuna njia ya haraka ya Lichtenthaler, ya 1987, huhitaji hata kutenganisha. Unaiacha klorofili ndani, unapima ufyonzaji wa mwanga kwenye mawimbi matatu, kwa asetoni ya asilimia 80 ni nanomita 663.2, 646.8 na 470, mawili ya kwanza yanakupa klorofili a na b, halafu unatoa mchango wao kwenye 470 na kinachobaki ni karotenoidi zote pamoja. Haraka, safi, kila mtu anaitumia. Ila ona, kinachobaki ni matokeo ya kutoa, na makosa yote ya klorofili yanalalia hapo. Sampuli ikiwa na ukungu kidogo, jibu linapanda. Na kwa lengalenga nyekundu ni mbaya zaidi, kwa sababu asetoni ya asilimia 80 ina maji asilimia 20, na hayo maji yanabeba amarantini, ambayo nayo inafyonza kwenye 470, na formula haijui hiyo ni nani, inaiandika karotenoidi. Nyekundu yangu ilishinda kijani kwa mbali kwa njia hii. Mama wa Kadutu angefurahi.

Kwa beta-karotini peke yake, iliyotoka kwenye safu, ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Kuna namba moja ya kushika, 2592, ndiyo ufyonzaji ambao gramu moja ndani ya mililita 100 za etha ya petroli ingekuwa nao kwenye nanomita 450. Tuseme mashine inakusomea 0.5. Unagawa kwa 2592, unazidisha kwa 10,000, unapata karibu mikrogramu 1.93 kwa kila mililita. Ujazo wako ulikuwa mililita 50, basi ni mikrogramu 96 hivi. Ulianza na gramu 5 za majani mabichi, basi kila gramu ilikuwa na mikrogramu 19, yaani kama miligramu 1.9 kwa gramu 100. Na andika wazi "mabichi"! Lengalenga ni maji karibu asilimia 90, kwa hiyo anayetoa jibu kwa gramu 100 za majani makavu atakuwa na namba mara kumi ya yako na watu watadhani yeye ana mboga ya miujiza. Nusu ya ugomvi niliousoma kuhusu mboga gani inashinda nyingine ulikuwa ugomvi wa maji.

Halafu kulikuwa na hadithi ya malewa.

Direktere alitaka tuone upikaji unapoteza kiasi gani. Mimi kwa uvivu, sikutaka kupika, nikaenda kwenye malewa moja, kamgahawa ka karibu na chuo, nikanunua sahani ya lengalenga iliyopikwa, bila bugali, mama akaniangalia kama mgonjwa. Nikapima. Beta-karotini ya iliyopikwa ilikuwa mara nyingi zaidi kuliko ya mbichi. Nikarudia, vilevile. Sasa nikaanza kuandika aya nzima jinsi joto linavyopasua kuta za seli na kuachilia rangi, na hilo ni kweli kabisa, joto linafanya hivyo, ukipima vibaya mbichi unaweza kupata kidogo kuliko iliyopikwa. Nilikuwa nimeshafika ukurasa wa pili. Direktere akasoma, akaniuliza kama kawaida yake swali moja: yule mama anapika na mafuta gani?

Mawese, bwana. Mawese mekundu ya ngazi (matunda ya mchikichi), ambayo kila kilo moja ina miligramu 500 hadi 700 za karotenoidi. Nilikuwa nimepima mafuta ya malewa kwa usahihi mkubwa. Na safu yangu ya alumina haikuweza kunionya, kwa sababu karotini ya mawese na karotini ya jani zinashuka pamoja. Mtu mwenye mashine nzuri angeona mara moja, mawese yana karotini alfa nyingi, karibu theluthi, na jani la lengalenga lina kidogo sana ya hiyo. Alfa ikijitokeza kwa wingi kwenye sahani ya mboga unajua mafuta yameingia. Mimi nilikuwa na macho tu na macho yangu yalikuwa yameshanidanganya mara mbili kabla.

Nikapika mwenyewe, kwa maji matupu, dakika saba. Hapo njo nikapata namba zenye akili.

Siku ya kutetea memwari nilijiona nimeiva. Nikaonyesha karotenoidi jumla, beta-karotini, kijani na nyekundu, mbichi na iliyopikwa. Mmoja wa jiri, wale wanaokuhoji na kukupa alama, daktari, mtu mpole, akauliza: sasa mtoto akila hii sahani, anapata vitamini A ngapi? Na mimi nikaenda kwenye ile namba kubwa ya jumla, kwa sababu ilikuwa kubwa. Nikasema kwa sauti kabisa. Direktere akaangalia dirishani.

Luteini haigeuki vitamini A. Wala violaksantini, wala neoksantini. Ili mwili utengeneze vitamini A kutoka karotenoidi, molekuli lazima iwe na pete ya beta isiyoguswa na oksijeni angalau upande mmoja, na kwenye jani hiyo ni beta-karotini karibu peke yake. Luteini ina kazi yake, inakwenda kukaa kwenye doa la njano nyuma ya jicho pamoja na zeaksantini, lakini hiyo ni hadithi nyingine kabisa. Na hata beta-karotini yenyewe mwili hauipokei yote: kwa hesabu inayotumika sana, mikrogramu 12 zilizoliwa kwenye chakula zinahesabiwa kama moja ya retinoli, yaani vitamini A yenyewe. Turudi kwenye ule mfano wangu wa miligramu 1.9, unagawa kwa 12 unapata kama mikrogramu 160. Mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anapendekezewa 300 kwa siku. Kwa hiyo gramu 100 zinapita nusu kidogo, na hiyo ni ikiwa kuna mafuta kwenye sahani, maana bila mafuta hiyo karotini inapita na kwenda zake. Si kidogo, nusu, kwa mboga niliyoinunua franga mia tano! Lakini siyo ile namba niliyoitamka mbele ya watu.

Daktari hakunikatia alama nyingi. Alisema tu kwamba kwenye kampeni ya vitamini A mtoto anapewa kapsuli, ya bluu yenye yuniti 100,000 kwa miezi 6 hadi 11, nyekundu yenye 200,000 kuanzia mwaka mmoja, kila miezi sita, kwa sababu serikali haiwezi kuhesabu nani amekula lengalenga na nani hakula. Nimelifikiria sana hilo baadaye. Wale wazee wetu waliosema macho ya jioni yanatibiwa na mboga hawakuwa wajinga, kutoona usiku ni moja ya alama za kwanza za upungufu wa vitamini A, kwenye retina ndiko inakofanyia kazi, na George Wald alipata Nobel 1967 kwa kueleza jinsi gani. Kwa macho, lengalenga ni dawa kwelikweli, ya polepole, ya kula kila wiki, siyo ya kunywa glasi moja.

Kwa damu, hapo naongea kwa uangalifu. Jani lina chuma, ndiyo, lakini chuma cha mboga mwili unakipokea kwa shida. Halafu vitamini A ikikosekana mwili unashindwa kukitumia vizuri hata chuma ulichoweka akiba, kwa hiyo inawezekana lengalenga inaisaidia damu kwa kupitia mlango wa nyuma, mlango wa ile njano isiyoonekana. Lakini siyo kwa sababu ya wekundu wake. Wekundu wake hauhusiki na damu kuliko rangi ya gari inavyohusika na mafuta ya gari. Na mama mjamzito aliyeishiwa damu aende hospitali, tafadhali, mboga ale njiani.

Baada ya kutetea nilirudi kwa yule mama wa Kadutu, nafsini nilijiona nina deni kwake, lazima nimpe majibu. Nikamweleza nimekaa naye chini, kwamba nikipima vizuri, nyekundu yake na kijani yake zilikaribiana, na kijani iliyokoza ndiyo iliyokuwa mbele kidogo. Akasikiliza mpaka mwisho, huku anafunga mafungu.

— Kwa hiyo weye unataka nishushe beyi ya nyekundu?

Nikasema hapana mama, nakuambia tu.

— Haya. Aksanti. Batu banaijuaka ii nyekundu tangu bankambo.

Na hakushusha. Bado niko mteja wake, sasa nafundisha kemia sekondari, Ijumaa nikitoka napita pale. Nachukua mafungu mawili ya kijani kilichokoza, na yeye kila mara anaongeza juu kafungu ka nyekundu, matabishi, eti ya damu, maana mimi bado ni mwembamba. Nafika nyumbani, tunachambua, tunatia yote mu sufuria moja, kitunguu na mawese vinasubiri pembeni. Yakichemka kidogo mdogo wangu anainamisha sufuria nje mlangoni kuchuja. Maji yanatoka mekundu sana, tunayamwaga kwenye mtaro.